Ngozi Yako Hufanya Nini Juani?

Usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku, huanikwa mchana. Wavuvi huingia ziwani na taa zao usiku wa giza, na kukipambazuka mitumbwi inarudi Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vingine vya mwambao. Wavuvi huenda kulala. Kazi inayobaki, ya kutandaza samaki kwenye vichanja, kuwageuza, kufukuza ndege na kuwakusanya wakishakauka, mara nyingi huwaangukia wanawake, nayo hufanyika saa zile zile ambazo jua ni kali kuliko zote. Ukitaka kumjua anayebeba jua la Ziwa Nyasa mgongoni mwake, mtafute aliyeinama kichanjani saa saba mchana, kitenge kiunoni, mtandio kichwani.

Katika kundi hilo la wanawake utakuta ngozi nyeusi ti, ngozi ya maji ya kunde, ngozi iliyochubuliwa kwa mkorogo hadi ikawa nyekundu mashavuni, na pengine, kivulini chini ya mwembe, mtoto mwenye ualbino aliyefunikwa khanga. Jua linalowapiga ni moja. Namna linavyowaathiri haifanani hata kidogo, na bado dukani na saluni wote hao huuziwa makopo yale yale kwa maneno yale yale.

Tuanze na jua lenyewe. Mbinga, wilaya ya mkoa wa Ruvuma jirani na mwambao huu, ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 21 Oktoba linapokwenda kusini, na karibu na tarehe 20 Februari linaporudi kaskazini. Na kwa kuwa Ruvuma ya magharibi ipo mbali na mstari unaoongoza saa za Afrika Mashariki, kilele cha jua hakifiki saa sita kamili. Hufika kati ya saa sita na nusu hivi na saa saba kasoro kidogo. Anayepumzika saa sita akarudi kichanjani saa sita na nusu amerudi wakati wenyewe wa makali.

Halafu kuna mwinuko. Uso wa ziwa upo takriban mita 475 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Mbinga upo takriban mita 1,300, na milima ya Umatengo inapanda zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana ambayo ndiyo huunguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Ndiyo kusema mchuma kahawa wa Umatengo, aliyevaa koti kwa baridi ya Juni na Julai, hupata mionzi mikali zaidi kuliko anavyodhani, maana joto na mionzi ni vitu viwili. Hata tarehe 21 Juni, siku ambayo jua la adhuhuri lipo mbali na utosi wetu kuliko siku zote, kivuli cha mtu aliyesimama Mbinga adhuhuri ni karibu theluthi mbili tu ya urefu wake. Hiki ndicho kipimo cha bure kabisa: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, hata kama unatetemeka.

Ufukweni hesabu ni nyingine. Maji ya ziwa hurudisha juu mionzi kidogo, chini ya asilimia 10, lakini mchanga mkavu hurudisha asilimia 15 hivi. Anayeinamia mchanga hupigwa kutoka juu na kutoka chini, kidevuni na machoni, na kofia peke yake haimfichi. Watoto wanaoogelea nao hawajajificha: nusu mita chini ya maji bado hubaki karibu asilimia 40 ya mionzi iliyopo juu.

Sasa ngozi. Katika miaka ya 1970 daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Thomas Fitzpatrick, alikuwa na shida ya kitabibu. Wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi, walitibiwa kwa dawa ya kumeza ikifuatiwa na mionzi, na kipimo cha mionzi kilikadiriwa kwa kutazama rangi ya nywele na macho yao. Baadhi ya wenye nywele nyeusi na macho ya kahawia, walioonekana wangestahimili, waliungua vibaya. Mwaka 1975 Fitzpatrick aliacha kutegemea macho yake akaanza kuuliza: ukikaa juani baada ya muda mrefu wa kutokaa, unaungua? Na baadaye, ngozi yako inakolea rangi au haikolei? Kwa majibu hayo akawagawa watu weupe katika aina nne, kuanzia anayeungua daima na asikolee kamwe, hadi anayeungua kwa nadra na kukolea upesi. Aina ya tano, ya watu wa rangi ya kahawia, na ya sita, ya watu weusi, ziliongezwa baadaye.

Bara zima la Afrika likawekwa katika vyumba viwili vya mwisho. Hilo ni kosa la wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye gulio la Mbinga akatazama nyuso zinazopita. Mwaka 2022 mwanasosholojia Ellis Monk, naye wa Harvard, alitoa kupitia kampuni ya Google kipimo chenye rangi 10, nyingi zaidi upande wa weusi, ila kipimo hicho kinaeleza mwonekano tu. Mimi naona swali la Fitzpatrick ni bora kuliko vyumba vyake. Mtu hahitaji kujua kama yeye ni wa tano au wa sita. Anahitaji kujua ngozi yake inafanya nini: Inauma na kuwa ya moto jioni baada ya siku ya shamba? Inabambuka? Kipele kikipona kinaacha doa jeusi kwa miezi? Jeraha dogo la wembe au la kutoboa sikio hugeuka kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha lenyewe? Hayo manne yatakuongoza dukani na saluni kuliko rangi ya mkono wako.

Kwa mtu mweusi, kinga aliyozaliwa nayo ni kubwa na imepimwa. Mwaka 1979 watafiti nchini Marekani walilinganisha tabaka la juu la ngozi za watu weusi na weupe. Ngozi nyeusi ilipitisha wastani wa asilimia 7.4 ya mionzi inayounguza, nyeupe asilimia 24. Kwa lugha ya namba zinazoandikwa kwenye tyubu za mafuta ya jua, ngozi nyeusi ilikuwa na kinga ya asili ya karibu SPF 13, nyeupe karibu 3. Kazi hiyo hufanywa na melanini, chembe za rangi ambazo ngozi huzitandaza juu ya viini vya seli zake kuvifunika.

Kwa hiyo nasema bila kusitasita: mama mweusi wa Umatengo mwenye shilingi elfu chache za akiba asizitoe kununua mafuta ya kukinga jua. Kofia pana ya ukili, mikono mirefu, kitenge kizito kilichofumwa kwa kubana na pumziko la kivulini vitamtosha. Kitambaa cha rangi nzito hukinga kuliko cheupe chepesi, na kilicholowa hukinga kidogo kuliko kikavu, jambo ambalo wanawake wa ufukweni wanapaswa kulijua. Anayesumbuliwa na mabaka meusi ya mashavuni, hasa yale yanayokuja na ujauzito, yeye ana sababu ya kununua, maana jua huyakoleza. Hata hivyo atafute mafuta yenye rangi kama ya udongo, yaliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu mabaka hayo huchochewa pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na mafuta meupe mengi hayauzuii.

Saratani ya ngozi humpata mtu mweusi kwa nadra, na ikimpata mara nyingi haitokani na jua. Huwa mahali asipotazama. Mwanamuziki Bob Marley aligundulika nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikamwua mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Saratani ya aina hiyo, iitwayo melanoma, hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Katika nchi ambayo watu huchimba mashimo ya ngoro shambani na kuvuta nyavu miguu mitupu, nyayo zina sugu, nyufa na michubuko ya kila siku, na doa jeusi linalotambaa polepole linaweza kuitwa mwiba wa zamani kwa mwaka mzima. Aina nyingine huota ndani ya kovu la moto au kidonda cha mguu kilichokaa miaka. Kidonda kisichopona, kinachoinua kingo zake na kutoa harufu, kipelekwe hospitali kikakatwe kipande na kupimwa. Hospitali za Litembo, Peramiho na Liuli, na ile ya wilaya, zipo, na kuwahi huko kunaweza kuokoa mguu wa mtu. Naona tungeokoa watu wengi zaidi kwa kuwafundisha kutazama nyayo zao Jumapili moja kwa mwezi kuliko kwa tangazo lolote la losheni.

Kwa watu wengi wa wilaya za Mbinga na Nyasa, basi, hatari kubwa ya ngozi haitoki juu. Inatoka kwenye kopo.

Mkorogo huchanganywa kwa siri na kila mchanganyaji ana kanuni yake, lakini viambato vyake vikuu vinajulikana. Kuna haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza melanini. Kuna zebaki, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo na kuingia mwilini, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kumfikia mtoto aliye tumboni. Na kuna steroidi kali kama klobetasoli, dawa halali ya ukurutu na soriasisi inayopaswa kutolewa na daktari kwa muda mfupi, ambayo watu huipaka uso mzima kwa miaka. Steroidi hung'arisha haraka sana, ndiyo maana wauzaji huipenda. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa ya damu inaonekana, michirizi mipana inatokea mapajani na mikononi, chunusi zinafumuka, na fangasi wa kawaida anasambaa mwili mzima. Daktari wa upasuaji anaposhona ngozi ya namna hiyo baada ya kumzalisha mama, hushona kitu kisichoshika uzi vizuri, na kidonda huchelewa kufunga.

Macho ya mtaani huwatambua wanaojichubua kwa vifundo vya vidole, vinavyobaki vyeusi wakati mkono umekuwa mweupe. Kuna doa baya zaidi ambalo wengi hawalijui. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu juani huweza kugeuza mashavu na paji la uso kuwa rangi ya majivu ya buluu, yenye vinundu vidogo kama mayai ya samaki. Lilielezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vya haidrokwinoni mwaka 1990. Doa hilo halitoki kirahisi, na kinachosikitisha ni kwamba anayelipata huongeza mkorogo akidhani anahitaji zaidi.

Hapa ndipo jua na kopo hukutana. Mwanamke aliyezaliwa na kinga ya karibu SPF 13 akiiondoa kwa krimu, jua la Oktoba halitambui ukoo wake wala rangi ya mama yake. Linakuta ngozi inayoungua. Yule aliyekuwa akianika usipa miaka 10 bila kuumia sasa anasikia uso unawaka saa nne asubuhi, anafunga mtandio hadi puani, anakimbia kazi. Amejihamisha mwenyewe kutoka aina moja ya ngozi kwenda nyingine, na hakuna aliyemweleza kuwa hilo ndilo alilokuwa akilinunua.

Sheria ipo. Tanzania imezuia vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kubaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mkataba wa Minamata, ambao nchi yetu ni mwanachama, unapiga vita zebaki katika vipodozi duniani kote. Lakini wilaya hizi mbili zinatazamana na Malawi ng'ambo ya maji na kupakana na Msumbiji kusini, na kopo dogo husafiri kirahisi kuliko gunia la kahawa. Msomaji ajilinde kwa mambo machache: asinunue kilichofungashwa upya kwenye kikopo kisicho na lebo, asinunue kinachoahidi weupe kwa siku saba, na asome orodha ya viambato atafute majina niliyoyataja hapo juu pamoja na kalomeli, ambalo ni jina jingine la chumvi ya zebaki. Aliyekwisha kuanza kutumia steroidi asiache ghafla peke yake. Ngozi huweza kuwaka na kuvimba kuliko mwanzo, na mwili uliozoea dawa kwa muda mrefu unaweza kudhoofika. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu, na aseme ukweli wote kuhusu alichokuwa akipaka.

Kuhusu saluni na kliniki za urembo nitasema kwa ufupi. Mashine nyingi za leza huwinda melanini ili kuondoa nywele au madoa. Kwenye ngozi nyeusi melanini imetanda kila mahali, na mashine isiyofaa huunguza ngozi nzima ikaacha alama nyeupe au nyeusi. Leza ya mawimbi marefu ya nanomita 1,064 ndiyo salama zaidi kwa mtu mweusi, na anayesafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili hiyo ana haki ya kuuliza namba hiyo kabla ya kulipa na kuomba ajaribiwe sehemu ndogo kwanza. Kubambua uso kwa asidi kali kuna hatari ile ile. Mwenye makovu yanayovimba asikubali kukatwa wala kutobolewa kwa ajili ya urembo. Na kijana mwenye vipele vya ndevu hahitaji krimu ya gharama: aache kunyoa hadi chini kabisa, aziache ndevu zibaki kidogo, na vipele vingi vitapungua.

Nimemwacha mwishoni mtoto aliye chini ya mwembe, kwa sababu kwake yeye hili ni suala la uhai.

Ualbino Tanzania unakadiriwa mara nyingi kuwa kwa mtu 1 kati ya 1,400, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtoto huupata akirithi vinasaba vyake kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa. Mama hakulaaniwa wala hakutembea nje ya ndoa. Katika kipimo cha Fitzpatrick mtoto huyu ni wa aina ya kwanza kabisa, anaishi chini ya jua ambalo aina hiyo haikuzoea popote duniani. Daktari Jeff Luande na wenzake walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino waliofuatiliwa Dar es Salaam: madhara ya jua yalianza kuonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani zilizokomaa ziliwashika wengi wakiwa vijana, katika umri wa miaka ishirini na thelathini. Huanza kama gamba kavu sikioni, mdomoni au shingoni, lisilopona. Katika hatua hiyo huweza kugandishwa kwa baridi kali na kuondolewa kwa dakika chache. Likiachwa miaka linaweza kula sikio.

Miaka ya 2000, mauaji ya watu wenye ualbino yalipoishtua dunia, mengi yaliandikwa, na ilikuwa haki. Jua linaua polepole zaidi na haliandikwi. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzishwa mwaka 1992, mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, alianzisha utengenezaji wa mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi za watu wenye ualbino nchini na kugawiwa kwao pamoja na mafunzo ya matumizi. Huu ndio mfano ninaotaka halmashauri za Mbinga na Nyasa ziutazame. Shilingi ya mafuta ya jua katika wilaya hizi ianzie kwa watu hawa, ifike kila mwezi bila kukatika, kwa sababu tyubu moja ya msaada inayoletwa kila Juni 13, siku ya kimataifa ya ualbino, haiwezi kumkinga mtu hadi Juni inayofuata.

Mafuta yenyewe yana masharti. Mwili mzima wa mtu mzima huhitaji takriban mililita 30, vijiko sita vya chai, na hurudiwa kila baada ya saa mbili. Ndiyo maana nguo hutangulia: aliyevaa mikono mirefu, suruali au sketi ndefu na kofia yenye ukingo wa pande zote hubakiwa na uso, masikio, shingo na viganja tu vya kupaka, na tyubu yake hudumu. Mafuta ya nazi na mafuta mazito ya mgando hayamkingi, hata yakimeremeta.

Shuleni ndiko mambo yanakoharibika. Kaptula, mikono mifupi, kofia iliyokatazwa darasani na mstarini, zamu ya kupalilia shamba la shule saa tano, kiti cha nyuma ambako macho yake dhaifu hayaoni ubao. Yote haya hurekebishika bila bajeti: mikono mirefu ya rangi ile ile ya sare, soksi ndefu, kofia pana ndani na nje, kazi ya kivulini au ya alfajiri, dawati la mbele lisilopigwa na jua la dirishani. Mkuu wa shule Liuli au Litembo anaweza kulitangaza hilo mstarini Jumatatu asubuhi, bila kusubiri waraka kutoka popote.